Mbwa wa Kazi na Mbwa wa Starehe Mlangoni Azaiba

Nyinyi vijana mnaosimama milangoni skuizi mna kamera juu ya vichwa, redio begani na karatasi ya sheria ilobandikwa ukutani. Mie nilipewa kofia na kiti, na hicho kiti nikakatazwa kukikalia. Kilikuwa cha wateja wazee. Nimesimama hapo mlangoni pa supamaketi, barabara kuu ya Azaiba, hapa Masqat, miaka kumi na tatu, na nikikwambieni kwamba kitu kilichonitoa jasho kuliko chochote hakikuwa mwizi wala mlevi wala joto la mwezi wa sita, bali mbwa, mtacheka. Chekeni. Na mie nacheka sasa. Zamani zile sikucheka.

Mwanzo mambo yalikuwa mepesi. Azaiba imejaa wageni, kila nyumba ya pili upande wa baharini ina Mzungu, na kila Mzungu wa pili ana mbwa. Walikuwa wakiwafunga nje kwenye nguzo, mbwa analia dakika tano, mwenyewe anatoka na mkate wake, basi. Sisi wengine tunapita kwa mbali, tumekusanya kanzu zetu, kila mtu na lake.

Halafu akaja mkubwa mmoja kutoka ofisi ya juu akasema kwao alikotoka, mbwa anayemsaidia mtu asiyeona au mgonjwa huruhusiwa kuingia dukani, na hapa iwe hivo hivo. Mudiir wetu, meneja wa duka, Bwana Kurian, Mhindi wa Kerala mwenye masharubu mazuri na roho ya haraka, akanipa khabari hiyo asubuhi moja akiwa mbioni.

"Nassor, kuanzia leo mbwa wa starehe haingii. Mbwa wa kazi anaingia."

"Na mie nitamjuaje mbwa wa kazi, mudiir?"

Akafikiri kidogo. "Anavaa kizibao."

Hapo ndipo penye kosa, na kosa nililifanya mie, si yeye. Sikuuliza la pili. Ukipewa amri usiyoielewa, uliza tena hata kama mkubwa anatazama saa yake. Mie nilisema "khalas, nimefahamu", nikasimama mlangoni natazama vizibao.

Jambo likishajulikana na mtu mmoja Azaiba, jioni linajulikana pwani yote. Haukupita mwezi, mbwa wote wa mtaa wakapata ajira. Alikuja mbwa mrefu mwembamba kama mkeka uliokunjwa, kizibao chekundu. Alikuja mwengine mnene, amelala ndani ya toroli, anakoroma, kizibao cha samawati. Nikamuuliza bwana wake, huyu anakusaidia nini? Akaniambia yeye masikio yake mabovu, mbwa ndiye anayemsikilizia. Nikampisha kwa adabu. Hakufika hata kwenye mboga, akasikia kwenye kipaza sauti kwamba samaki wameshushwa bei leo, akageuza toroli mbio. Mbwa hata jicho hakufungua.

Vizibao vilitoka wapi? Kulikuwa na fundi cherehani huko mtaa wa Sib, karibu na soko, Mpakistani mmoja mpole, ndiye aliyekuwa akitushonea sare sisi walinzi. Wageni wakamgundua. Na yule fundi, maskini, hakuwa na ubaya, alitumia kitambaa alichokuwa nacho. Siku moja akaingia mbwa mweusi na kizibao cha rangi ya udongo, mstari wa njano begani, vifungo vya shaba. Nikajitazama mie. Rangi ya udongo, mstari wa njano, vifungo vya shaba. Bi Asila, mama mmoja wa Kimanga mzaliwa wa Pemba aliyekuwa akija kila Alkhamisi na kukikalia kile kiti, akanitazama, akamtazama mbwa, akaniuliza kwa sauti ya duka zima:

"Nassor, huyu mwenzio kaajiriwa lini?"

Wiki nzima wenzangu waliniuliza kama mwenzangu kashika zamu.

Sasa nikwambieni khabari ya Madam Sheila, maana yeye ndiye aliyekaribia kunifukuzisha kazi. Alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, mumewe mhandisi anayekaa jangwani wiki mbili na nyumbani moja. Alikuwa na kijibwa cheupe, manyoya matupu, kikubwa kuliko paka kwa kidogo tu, jina lake Bisket. Mwanzo alimtia ndani ya mkoba. Mkoba ukikohoa, na yeye anakohoa kumfichia. Aliposikia khabari za vizibao akaja na Bisket anatembea kwa miguu yake, kizibao cheupe, na nyuma yake msichana wake wa kazi, Neema, Mtanzania wa Moshi, anasukuma toroli.

Madam Sheila akanieleza kwa Kiingereza, taratibu kama anamsomesha mtoto, kwamba yeye hushikwa na kizunguzungu, na Bisket hukijua kizunguzungu kabla hakijaja, humuonya, humzuia asianguke.

Nyuma yake Neema, uso wake umetulia kama yuko kanisani, akasema kwa Kiswahili:

"Shikamoo mzee. Muongo huyo. Mbwa mwenyewe hajui hata kukaa. Jana kanilia ndala yangu ya kushoto."

Nilibaki nimekodoa macho. Miezi yote anapita pale, nilimdhani Mhabeshi, na yeye kumbe alikuwa akinisikia nikizungumza na Bi Asila, anajua kwamba sisi Waomani wengine Kiswahili ni cha nyumbani. Madam Sheila akageuka. "Anasema nini?"

"Ananisalimu," nikasema.

"Marahaba ndo unaitikia hivyo?" Neema akasema, bado uso wa kanisani. Kisha akateremsha sauti. "Lakini baba, plizi, usimwambie nimekwambia. Huyu si mbaya, ila akijua namsema atanirudisha, na mimi nina wadogo zangu wawili shule wananitegemea."

Basi nifanyeje? Nikimzuia mbwa, Madam atajiuliza nimejuaje, na msemaji ni mmoja tu. Nikampisha.

Bisket aliingia kama mtu aliyealikwa. Akafika kwenye mchele. Siku hiyo tulikuwa tumepanga magunia ya basmati katikati ya njia, mnara mzuri, Bwana Kurian mwenyewe alisimamia kuupanga. Bisket akaunusa mnara, akauzunguka, akanyanyua mguu.

Palikuwa na bwana mmoja wa Kimanga, kanzu nyeupe, kambeba mwanawe, na gunia moja keshalikumbatia. Sitakurudieni alichosema. Mtoto akalia, mbwa akabweka, Madam Sheila akasema mbwa amepata mshtuko kwa sababu ya kelele, na magunia kumi na moja yakatolewa nje. Neema alijificha nyuma ya mafuta ya kupikia, mabega yanamtikisika.

Jioni mudiir akaniita ofisini. Hakupiga kelele, na hapo ndo nilijua ana hasira khasa.

"Nassor, mbwa mwengine akifanya haya ndani ya duka langu, weye usije tena."

Nilikuwa na watoto wanne nyumbani Sib. Nikatoka pale nimeshaamua. Hakuna mbwa. Mwenye kizibao, asiye na kizibao, mwenye beji, mwenye karatasi ya daktari, hakuna. Mkono mbele, "sori, no dog", na ukinibishia nnakurejelea hayo hayo. Nikawazuia wote, kuanzia yule mwembamba mpaka yule wa toroli. Akaja mmoja amevaa miwani myeusi, anapapasa ukuta, nikamwambia no dog. Akaivua miwani kunitazama vizuri usoni alipokuwa akinitukana. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilijiona bingwa.

Na mtu akishajiona bingwa wa kazi yake, huacha kutazama.

Asubuhi moja ya siku ya kazi, duka tupu, teksi ikamteremsha kijana wa Kiomani, kanzu safi, kofia, miwani myeusi, na mbwa mkubwa wa rangi ya asali. Yule mbwa alikuwa na kizibao chenye mpini mgumu, mfano wa mpini wa ndoo, na kijana kaushika kwa mkono wa kushoto. Mie sikuona mpini. Niliona mbwa.

"Hakuna mbwa," nikamwambia kwa Kiarabu.

"Huyu ni wa kuniongoza," akasema, kwa upole. "Mie sioni."

"Wote wanasema hivo."

"Wote nani?"

"Wenzio. Hata hiyo miwani keshakuja nayo mwengine wiki iliyopita."

Maneno hayo niliyasema mie, kwa mdomo huu. Uso wa yule kijana ukabadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekuwa amejitayarisha kwa safari ndefu akaambiwa gari haliendi. Akamwambia mbwa neno moja, wakageuka, wakaondoka.

Mbele ya duka palikuwa na njia ya magari, na baada yake kituo cha teksi. Walipofika ukingoni mbwa akasimama. Kijana akamwambia aende. Mbwa hakwenda. Akamwambia tena, akapiga hatua yeye, na yule mbwa akajipitisha mbele yake, mwili wote, kama ukuta, akamsukuma nyuma kwa ubavu. Hapo hapo gari la maji likatoka kinyumenyume kwenye uchochoro wa duka la jirani, likapita pale pale alipotaka kutia mguu. Mie nililiona lile gari kabla. Nilifungua mdomo niite. Mbwa alikuwa keshamaliza kazi.

Nilikimbia. Mie na kitambi changu na kofia, nilikimbia. Nilipomfikia alikuwa kasimama, mkono juu ya kichwa cha mbwa, anasema peke yake kwa Kiswahili:

"Sasa hata kwetu wenyewe?"

Yale maneno yalinichoma. Nikamwambia, kwa Kiswahili, "Mwanangu, nisamehe. Ni mie wa mlangoni."

"Kumbe ami unazungumza," akasema.

"Nnazungumza. Ila leo nimezungumza upuuzi."

Jina lake Harith. Alizaliwa hapa hapa Masqat, wazee wake wa Unguja, macho yalimpotea utotoni kwa maradhi. Alikwenda kusoma Uingereza, kule ndiko alikosomeshwa kutembea na mbwa yule, Jaspa. Ana wiki tatu tangu arudi. Mama yake kamjengea Jaspa banda uani, kampangia na masharti yake: mbwa asiguse majamvi, na Harith abadilishe kanzu kabla ya sala. Yote wameyapatanisha. Ila kila duka alilokwenda wamemfukuza, na nyumbani wanamwambia, kaa, utaletewa, unataka nini?

"Na kweli unataka nini?" nikamuuliza. "Nikuletee?"

"Ami, kuletewa naletewa tangu nna miaka saba. Nataka niingie mwenyewe, ninunue maziwa na mkate, nitoke."

Sasa mie nikawa na kauli ya mudiir upande mmoja na huyu kijana upande mwengine. Nikawafikiria wanangu wanne. Sitokudanganyeni kwamba sikufikiri. Halafu nikafungua mlango.

Jaspa akaingia. Alipita kwenye kuku wa kuchoma, wale wanaozunguka kwenye kioo, harufu ambayo mie mwenyewe kila siku hunipa taabu, hakugeuza pua. Mtoto mmoja akamuita, hakumtazama. Palipokuwa na toroli limeachwa njiani, akamzungusha bwana wake bila kumgusisha. Harith akauliza maziwa yako wapi, nikamwambia, akanyoosha mkono mwenyewe, akapapasa vifuniko, akachagua.

Na Bwana Kurian akatokea.

"Nassor!"

"Mudiir, ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini kwanza mtazame huyu mbwa. Anafanya kazi kuliko mie."

Akatazama. Kusema haki, alikuwa mtu wa haraka lakini alikuwa anajua kutazama. Walipofika kwa karani wa pesa, Jaspa akalala chini, kidevu juu ya miguu, akangoja. Bwana Kurian akakuna masharubu muda mrefu. Kisha akamuuliza Harith, kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika, swali ambalo mie ningelipaswa kuliuliza miezi mingapi nyuma: wa kweli tunamjuaje?

Harith alitusomesha pale pale, mfuko wa mkate mkononi. Nami nakupeni kama nilivyopewa. Usitazame kizibao, kizibao hushonwa na yeyote. Mtazame mbwa. Wa kazi hanusinusi, habweki, hakai ndani ya toroli, na akili yake yote iko kwa bwana wake. Usiulize maradhi ya mtu, hayakuhusu; uliza, kwa adabu, "Mbwa anakufanyia kazi gani?" Mwenye mbwa wa kweli hukujibu kwa neno moja, kwa sababu ndo maisha yake. Muongo hukupa hadithi. Na akiwa kazini usimuite, usimpe chakula, usimguse. Asiyeona naye usimkamate mkono kumburura kama mwizi. Mpe kiwiko chako, akishike yeye.

Baada ya wiki chache akarudi Madam Sheila. Bisket sasa ana kizibao kipya, beji mbili na picha yake imetiwa plastiki. Neema nyuma na toroli. Aliponiona tu akasema, "Mzee, leo sisemi kitu. Nna shida ya kwangu," na macho akayatazamisha darini.

"Karibu, Madam," nikasema. "Bisket anakufanyia kazi gani?"

"Nimekwisha kukwambia. Hunizuia nisianguke."

"Vizuri sana. Basi mwambie alale hapa dakika moja, nimfungulie mlango yule bibi."

Alikuwa Bi Asila anakuja, na siku yake haikuwa Alkhamisi, Mungu tu alimleta. Madam Sheila akasema, "Bisket, lala." Bisket akamtazama kama hawajuani. "Bisket, lala!" Kijibwa kikaona kuku kwenye kioo, kikaruka kulia, kikaona fimbo ya Bi Asila, kikarudi kushoto, kikazunguka nyuma, na kamba yote ikawa imezunguka miguu ya Madam Sheila mara mbili. Alipiga hatua, hakuna hatua. Akaenda chini polepole, kwa heshima zake zote, akaketi juu ya mrundo wa karatasi za msalani tuliokuwa tumeupanga mlangoni.

Mbwa wa kumzuia asianguke keshamuangusha.

Halafu Neema, ambaye alikuwa kajikaza tangu mwaka jana, akapasuka. Alicheka mpaka akaliegemea toroli na toroli likaenda naye. Mie nikaingiwa na khofu, nikajua leo huyu binti anarudishwa Moshi.

"Unacheka nini?" Madam Sheila akamuuliza kutoka chini.

"Nimekumbuka kitu cha nyumbani, Madam."

Yule mama akamtazama Neema, akamtazama Bisket anayemlamba kiatu, akatazama kule alikokaa. Akaanza kucheka na yeye. Alicheka mpaka machozi, kisha yale machozi yakawa si ya kicheko khasa. Akaniambia, sasa bila ya ile sauti ya kumsomesha mtoto, kwamba hana kizunguzungu. Mumewe hayupo, watoto wako kwao wanasoma, na kijibwa hiki akikiacha peke yake hulia mpaka majirani wanalalamika. Ndani ya gari, kwa joto lile, kingekufa. Angefanyaje?

Na mie sikuwahi kumuuliza mtu yeyote swali hilo. Nilikuwa na "ndiyo" na "hapana" tu, hizo ndo zana zangu mbili.

Nikenda kwa mudiir. Ubavuni mwa duka, upande wa jiko la mikate, palikuwa na kivuli kuanzia asubuhi hadi alasiri, na upepo wa baharini wa kutosha. Tukatia ndoana nne ukutani, beseni la maji, na bango la Kiarabu na Kiingereza: mbwa wa starehe wapumzike hapa. Neema akaongeza la Kiswahili kwa mkono wake, kwa chaki, chini kabisa: *Bisket, tulia*. Wakaja wote, yule mwembamba, yule wa toroli, hata mwenzangu wa sare. Vizibao vikapotea vyenyewe. Fundi wa Sib alinilaumu kidogo. Na Neema akakaa na Madam Sheila miaka mingine minne, mpaka mdogo wake wa mwisho akamaliza shule, akarudi kwao kwa khiari yake.

Harith alikuwa akija kila wiki na Jaspa. Akaoa, akapata kazi ya tafsiri, mkewe naye akawa anakuja, anasimama mbali, anamwachia achague maziwa mwenyewe. Jaspa akazeeka kama tunavyozeeka sote, miguu ya nyuma ikaanza kumkaza. Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, Harith akashuka kwenye teksi peke yake. Sikuuliza. Aliponifikia akasema tu, "Ami, Jaspa kapumzika," na mie nikamwambia maneno tunayoambizana.

Akabaki pale mlangoni, mkono wa kushoto haujui pa kukaa. Nikasogea, nikampa kiwiko. Akakishika. Tukaingia, mie nimejipima, natembea kama bwana harusi, nafikiri mambo yote niliyosomeshwa. Tukapita kuku, tukapita mchele, tukakata kona ya sabuni, na hapo nikamgongesha bega kwenye rafu, maboksi mawili yakaanguka.

Harith akasimama, akajisugua bega.

"Ami Nassor, Jaspa miaka sita hajanigongesha popote. Weye hujamaliza hata dakika."

"Jaspa kasomeshwa Uingereza," nikamwambia. "Mie nimesomeshwa nawe tu, tena siku moja."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye teksi.

"Basi turudi," akasema. "Tuanzie mlangoni."

Tukarudi mpaka mlangoni, akakishika kiwiko changu upya, nikatazama mbele vizuri, tukaingia tena.